Bakuli Lililorudi Tupu

Ilianza Jumamosi ya pili ya likizo ya Agosti, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu baba alikuwa ameahidi tutafika saa mbili, na kila tulipopita kona mama alikuwa akitazama simu yake, halafu ananionyesha mimi.

Nyumba tuliyokwenda kuitazama ilikuwa Kanja. Ilikuwa ya saba kuonyeshwa tangu tuhamie Kenya.

Baba ni mtu wa Embu. Aliondoka akiwa kijana akaenda Korogwe kutengeneza mashine za mkonge, akaoa huko, nami nikazaliwa huko. Embu nilikuwa nimefika mara mbili tu, zote kwa mazishi. Mwaka jana kazi ya baba ikaisha, akasema basi, twende kwetu. Tukauza nyumba yetu ndogo ya Korogwe tukaja. Kumbe kwao hapakuwa na nafasi. Ndugu zake walishagawana shamba zamani, na kipande walichomwachia, kaka yake mkubwa mwenyewe alisema kinatosha kuanikia kahawa, tena kahawa kidogo. Tukapanga chumba kimoja Embu mjini, nyuma ya duka la nafaka. Baba akapata kazi gereji. Kati ya kitanda chao na changu tulitundika pazia.

Mama alivumilia miezi saba. Halafu siku moja akichambua mchele alisema, "Sikuja Kenya kupanga. Shule zikifunguliwa bado tumelala na magunia ya mahindi ya watu, mimi na mwanangu tunarudi Korogwe." Alisema mara moja tu. Mama hana tabia ya kurudia. Siku ile tulipokwenda Kanja yalikuwa yamebaki majuma mawili shule zifunguliwe.

Daftari hili nimeliandikia ukweli tangu mwanzo, kwa hiyo nitasema: sikuwa na upande. Korogwe nyumba tulishauza, tungerudi kwa bibi, na kila tulipokwenda kukaa kwake tulilala watoto watano chumba kimoja. Embu nililala nyuma ya pazia na kusikia kila kitu. Shuleni, Kidato cha Pili, waliniita Bongo. Nikijibu swali walicheka Kiswahili changu, si kwa ubaya, walisema naongea kama redio, lakini nilikuwa nimeacha kujibu. Sikutaka Kenya wala Tanzania. Nilitaka mlango.

Nyumba sita za kwanza sitazieleza zote. Ya Ishiara ilikuwa na kuta nzuri, lakini maji yalikuja kwa punda, na mama akasema kama ni joto angebaki na joto la kwao alilolizoea. Moja karibu na mji ilikuwa imeshaahidiwa watu wengine wawili. Moja ilikuwa upande wa Meru, mbali mno na gereji. Nyingine mwenyewe alituonyesha kupitia dirishani kwa sababu mpangaji alikataa kutufungulia.

Ya Kanja ilikuwa tofauti. Mawe mpaka usawa wa madirisha, kisha mbao, mabati ambayo hayajashika kutu, tangi la maji, kahawa kidogo, migomba, miti mitatu ya makadamia. Nyuma palikuwa na chumba kidogo chenye mlango wake na komeo kwa ndani. Niliufunga na kuufungua mara tatu. Mama aliniona, akajifanya hajaniona.

Muuzaji alikuwa mzee mchangamfu wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa amepata shamba kubwa zaidi Kiambere, karibu na bwawa, anataka kwenda kupanda ndengu, kwetu choroko, na tikitimaji. "Kule maji ni ya bwawa na jua ni ya bure," alisema. "Hapa mimi napigana na baridi tu."

Mke wake alitoka jikoni, jiko la nje, akatusalimia akiwa bado ameshika kisu cha kumenyea ndizi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akanitazama, halafu akacheka. "Huyu ananisalimia kama mwalimu mkuu." Kisha akarudi jikoni. Baba alimuuliza mzee habari za mpaka, za maji, za stima. Mama aliuliza kama paa linavuja. Mwenye jiko hakuna aliyemuuliza kitu. Hilo naliona sasa. Siku ile sikuliona.

Baba mkubwa, yule kaka yake baba, ndiye aliyetupeleka, na ndiye aliyesema lazima kuwe na mbuzi.

"Siku hizi ni wakili na bodi ya ardhi," baba alimwambia. "Bodi inakaa Alhamisi ya juma la pili. Mbuzi ya nini?"

"Karatasi huliwa na panya," baba mkubwa akasema. "Mbuzi huliwa na watu, na watu wanakumbuka. Wewe umekaa na Waswahili mpaka umesahau kwenu."

Akatueleza, zaidi mama, maana baba alikuwa akijua ila amesahau nusu. Mnunuzi analeta mbuzi. Wazee na majirani wanatembea mpakani pamoja, kisha mbuzi inaliwa pale pale kwenye boma. Watu wa ile nyumba wakila, wamekubali shamba litoke. Asiyekula amekataa, na hakuna wa kumlazimisha.

"Hata watoto?" mama akauliza.

"Mtoto hana shamba. Lakini mama wa boma lazima ale. Asipokula hiyo ni mbuzi ya Krismasi tu."

Jumamosi iliyofuata tukaenda na mbuzi.

Wanaume walichinja, wakachoma sehemu na nyingine ikachemshwa, halafu wakateremka wote kutembea mpakani. Baba mkubwa alitangulia na fimbo. Mama alibaki na sufuria, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo hakujua ni kosa. Kumbe mama wa boma alipaswa kuitwa akae nje na wazee, apewe nyama mbele ya macho ya watu. Kwetu Korogwe hatufanyi hivyo. Kwetu mwanamke aliyeshinda jikoni huwekewa fungu lake mapema, likafunikwa, wageni wasije wakalimaliza. Mama aliona mwenzake hajatoka jikoni tangu asubuhi. Akachukua bakuli la bluu lenye kifuniko, akaweka vipande vinne na ini, akanipa.

"Mpelekee mama mwenye nyumba. Ale kabla halijapoa."

Nikaenda. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ndizi zimemenywa ziko kwenye maji, hana anachofanya. Moshi ulikuwa mwingi lakini yeye hakuwa akipepesa macho.

"Weka hapo."

Nikaweka. Hakufunua.

"Ni wewe utalala kile chumba cha nyuma?"

"Sijui. Ndiyo."

"Ilikuwa ya msichana wangu. Saa hii ameolewa huko Maua, Meru." Akasukuma ukuni ndani. "Kiambere umefika?"

"Hapana, mama."

"Mimi nimefika mara moja. Hakuna kivuli. Sina dada huko, sina kanisa, hata kikundi ya kuweka pesa na wamama sina. Huyu mzee anaenda kwa maji. Mimi naenda kwa nini?"

Nilitazama miguu yangu. Watu wazima wakiniuliza mambo kama hayo huwa natazama miguu.

"Wewe huongei."

"Naongea kidogo."

"Kidogo inatosha." Akalisogeza bakuli kwangu kwa mguu, taratibu, kama mtu anayesogeza kigoda. "Rudisha hii. Sijala, na wewe umeona sijala."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Enda."

Kutoka jikoni kwake mpaka pale mama alipokuwa ni hatua kama thelathini, na tangi la maji liko katikati. Wazee walikuwa wameshapanda kutoka mpakani, wanakaa kwenye mabenchi. Kama ningerudi na bakuli limejaa, mama angeuliza kwa nini, na wote wangegeuka. Ningetakiwa kusema, kwa Kiswahili changu cha redio, kwamba mama wa boma amekataa. Na nyumba ingekwisha pale pale, kwa mdomo wangu.

Nikasimama nyuma ya tangi. Nilifunua tu nione. Sikuwa nimekula tangu chai ya alfajiri. Nikala kipande cha kwanza. Nitakuwa mwongo nikisema nilikula kwa kuhuzunika. Ilikuwa na chumvi ya kutosha na bado ina moto. Nilikula vyote vinne, na ini, haraka, na mifupa nikamtupia mbwa wao. Nikapangusa mdomo kwa mkono, nikafunika bakuli, nikatoka upande wa pili.

"Amekula?" mama akauliza.

"Zimeisha," nikasema. Nilijiambia huo si uongo.

Baba mkubwa alilichukua bakuli kutoka mkononi mwa mama, akalifunua, akaliinua wazee walione. "Angalieni. Mama wa boma hata mfupa hakuacha."

Wakacheka. Mzee muuzaji alicheka kuliko wote. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Jirani mmoja akasema kumbe yule mama alikuwa na njaa ya Kiambere. Wakaendelea kula.

Siku nne zilizofuata ziko kwenye daftari, mstari mmoja mmoja. Jumapili: sijasema. Jumatatu: sijasema. Jumanne mama alipima pazia letu kwa mikono, akasema litatosha dirisha la sebuleni likikatwa mara mbili. Nikaandika hilo, chini yake nikaandika: sijasema. Jumatano baba alirudi na bawaba mbili za mlango alizopewa gereji, akaniambia za chumba changu, kwa sababu zile za pale zinalia. Nilizipokea, nikasema asante.

Alhamisi tulikwenda bodi, maana bila kibali chake shamba haliuzwi. Mama alitaka twende wote, na mimi nikavaa sketi ya kanisani. Kwenye ukumbi wa bodi kulikuwa na watu wengi wenye mafaili, kila ukoo na mabishano yake, na tulingoja mpaka karibu saa sita. Mbele walikaa mwenyekiti, ambaye ni afisa wa serikali, na wazee watatu wa bodi. Tulipoitwa, baba, baba mkubwa, muuzaji na mkewe walisogea mbele. Mama na mimi tukabaki kwenye benchi la karibu na mlango.

Mwenyekiti alisoma karatasi, akamuuliza mzee maswali mawili matatu, halafu akamgeukia mke.

"Mama, unajua mzee anauza shamba?"

"Najua."

"Umekubali?"

Yule mama alisimama pale kama mtu aliyefika mahali alipokuwa anakwenda.

Mzee akacheka kidogo. "Amekubali, mheshimiwa. Tulikula mbuzi wote, na yeye."

"Hapa hatuandiki mbuzi," mwenyekiti akasema. "Namuuliza yeye."

Lakini mmoja wa wazee wa bodi aliinama mbele. "Alikula?"

"Bakuli ilirudi tupu," akasema baba mkubwa. "Niliishika na hii mkono."

"Sikukula," yule mama akasema.

"Wacha kutuaibisha," mumewe akamwambia kwa sauti ya chini.

"Sikukula. Muulize msichana wa hawa watu. Yeye aliniona."

Kichwa cha kwanza kugeuka kilikuwa cha baba. Halafu wote. Mama alinitazama kama nimeitwa kwa jina la mtu mwingine.

"Simama, msichana," mwenyekiti akasema. "Usiogope. Huyu mama alikula?"

Nilisimama. "Hakula."

"Na nyama ilienda wapi?"

"Niliila mimi."

Ukumbi mzima ukacheka, hata wenye mafaili waliokuwa wakigombana. Mtu aliyekuwa karibu na dirisha akasema, "Basi huyo ndiye amekubali kuuza," wakacheka tena. Mwenyekiti naye alicheka, kisha akagonga meza kwa kalamu.

"Mzee, rudi nyumbani uongee na mama. Mkielewana mtarudi mwezi ujao. Msipoelewana, msirudi." Akafunga faili letu, akaita lingine.

Nje baba mkubwa alinisubiri kwenye ngazi. "Wewe umekula shamba nzima peke yako. Hata mimi mzee wako hukuniwekea kwato." Hakuwa na hasira kabisa, au alikuwa nayo akaificha ndani ya mzaha, kama kawaida yake. Muuzaji alitupita akielekea barabarani. Baba alisema lazima arudi gereji, akaondoka, na sikumwona uso.

Mkewe muuzaji alisimama mbele ya mama. "Si wewe, mama. Wewe huna makosa. Ungekuja kuniuliza, ningekuambia."

"Ningekuuliza lini, dada yangu, na wewe hukutoka jikoni?"

"Hakuna mtu aliingia jikoni. Ni huyu tu." Akaniwekea mkono begani, mkono mzito, akauondoa, akamfuata mumewe.

Tulirudi nyumbani, ikawa jioni. Mama alikuwa akikuna nazi, nazi ya mwisho kati ya zile tulizoletewa na mjomba kutoka Korogwe.

"Ulijua tangu Jumamosi."

"Ndiyo."

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Nilitaka chumba."

Akaendelea kukuna. "Na mimi nilitaka jiko," akasema. Kisha akaongeza, "Tulipohama, baba yako alikuja akaniambia tayari ameshaongea na mnunuzi wa nyumba. Mimi sikupewa hata bakuli la kukataa." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyosema chumvi imeisha. "Yule mama ningemfukuza kwake bila kujua. Ningepika kwenye jiko lake miaka yote, najisifu."

Nikamuuliza kama bado tutarudi Korogwe.

"Neno langu ni lile lile. Jumatatu shule zinafunguliwa. Kama tumepata, tumepata. Kama hatujapata, utaaga rafiki zako."

Nilimwambia sina rafiki wa kuaga. Akasema hilo nalo analijua.

Baba aliporudi alikula wali wake wote, akasema wa nazi ni mtamu. Bawaba zilikuwa bado juu ya kabati. Alizitazama, akaziacha pale.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, niliondoka saa moja na nusu. Nilimwambia mama nakwenda kutembea. Kwa kawaida siendi kutembea, kwa hiyo alinitazama, lakini hakunizuia. Nilichukua daftari hili na kalamu, nikaifuata barabara inayotoka mjini kupanda mlimani, nikisoma vibao kwenye mageti na kwenye miti. Ploti inauzwa. Nyumba inauzwa, madalali hapana. Niliandika namba za vibao vitano. Sina simu, na hata ningekuwa nayo nisingepiga. Nilijua hivyo nilipokuwa nikiandika.

Kibao cha sita kilikuwa cha mbao, kimeandikwa kwa rangi ya kijani, herufi zimeinama. Kilisema tu NYUMBA HII. Geti lilikuwa la mabati. Nilipita, nikafika mbali kidogo, nikarudi. Nikapita tena. Mara ya tatu mbwa alibweka, na mwanamke mmoja akachungulia kwenye nafasi ya geti, mtu mzima, ana miwani na glavu moja ya bustani.

"Unatafuta nani?"

"Shikamoo. Ni hicho kibao."

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Nimekuja mwenyewe." Sikumuuliza maji, wala stima, wala paa. "Mama, wewe mwenyewe unataka kuuza?"

Alinitazama kupitia juu ya miwani, muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Hicho kibao niliandika mimi," akasema. "Mwezi wa nne. Watoto wangu ndio hawataki, lakini wao wako Nairobi na nyumba ni yangu." Akatoa komeo. "Mbona unauliza hivyo?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari yote, tukiwa tumesimama pale getini, bakuli, tangi, bodi, na sikutazama miguu mpaka nilipofika kwenye ini. Hakucheka. Aliuliza tu ini lilikuwa la kuchoma au la kuchemsha.

"La kuchoma."

"Ingia."

Niliomba simu yake, nikampigia mama, nikamwambia aje.